Kuonyesha kwa Chati Muda wa Laini ya Uzalishaji Kufanya Kazi na Kusimama: Mwongozo Kamili kwa Viwanda vya Arusha na Moshi

Taarifa ya zamu inayopelekwa ofisini mara nyingi huwa na namba moja tu kuhusu mashine: asilimia ya muda ambao laini ilifanya kazi. Namba hiyo ina manufaa yake, lakini zamu mbili zenye asilimia 83 zinaweza kuwa tofauti kabisa. Zamu moja ilisimama mara moja kwa zaidi ya saa nzima kwa sababu beringi ilikatika, na nyingine ilisimama mara ishirini kwa dakika tatu au nne kila mara kwa sababu chupa zilikuwa zinakwama. Zamu ya kwanza inahitaji spea stoo, ilhali ya pili inahitaji fundi wa kurekebisha reli za kuongozea chupa. Meneja anayeona 83 peke yake hawezi kujua amtume nani wala anunue nini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na chati inayoonyesha laini ilisimama saa ngapi, kwa muda gani na kwa sababu gani, na asilimia inakuja baadaye.

Mfano nitakaoutumia ni laini ya kujaza maji ya kunywa kwenye chupa, ya aina inayoweza kuwa Njiro jijini Arusha au pembezoni mwa Moshi, yenye zamu tatu za saa nane. Mwenye kinu cha nafaka katika eneo la Unga Limited, Arusha, au mashine za kukoboa kahawa Moshi atabadilisha majina ya mashine na sababu, lakini utaratibu ni uleule. Kinachohitajika ni daftari, saa ya ukutani, na kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc.

Hatua ya kwanza: amua unapima wapi na kusimama ni nini

Laini ina mashine kadhaa zilizounganishwa kwa mkanda: ya kuosha chupa, ya kujaza, ya vifuniko, ya lebo na ya kufungasha. Mashine ya kufungasha ikisimama kwa dakika mbili, ya kujaza huendelea kwa sababu mkanda ulio katikati una nafasi ya kupokea chupa, na mwisho wa zamu idadi ya chupa haipungui hata moja. Ukipima kwenye mashine ya kufungasha utahesabu hasara ambayo haikutokea, na ukipima kila mashine kisha ukajumlisha, unaweza kupata muda wa kusimama unaozidi urefu wa zamu yenyewe. Chagua mashine moja tu, ile ambayo ikipoteza dakika, dakika hiyo hairudi. Kwa kawaida ni ile yenye kasi ndogo kuliko zote, na katika laini nyingi za maji ni ile ya kujaza. Mashine nyingine zitaonekana kwenye chati pale tu zitakapoisimamisha hiyo, zikiandikwa kama sababu.

Kisha weka kanuni moja ya mwanzo na mwisho. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba kusimama kunaanza dakika ilipotoka chupa nzuri ya mwisho na kunaisha dakika inapotoka chupa nzuri ya kwanza baada ya hapo. Kanuni hii inamaliza ubishi mwingi, hasa kuhusu umeme. TANESCO wakikata umeme kwa dakika tano, laini haisimami kwa dakika tano: jenereta iwashwe, kompresa ijenge presha, mashine irudishwe mahali pake pa kuanzia, na chupa zilizojazwa nusu ziondolewe. Anayeandika dakika za kukatika umeme peke yake anaficha sehemu kubwa ya hasara, na anaificha mahali ambapo kiwanda kina uwezo wa kufanya jambo. Kurudi kwa umeme hakumo mikononi mwetu, lakini kurudi kwa presha ya kompresa kumo.

Hatua ya pili: daftari lililo karibu na mashine

Chati haiwezi kuwa na ukweli kuliko daftari lilivyo. Ikiwa opereta anasubiri mwisho wa zamu ndipo akumbuke kilichotokea, dakika zote zitaishia kwenye 0 au 5, na visa vya dakika tatu vitakuwa vimesahaulika. Daftari likae hatua mbili kutoka kwenye kitufe cha kuwashia mashine, ndani ya mfuko wa plastiki mgumu kwa sababu eneo la kujazia lina maji siku nzima, na kalamu ifungwe kwa kamba kwenye ubao uleule. Kila mstari uwe na vitu sita tu: zamu, saa ya kusimama, saa ya kuanza tena, sababu, mashine iliyosababisha, na maneno machache ya maelezo. Ukiongeza safu ya saba na ya nane, watu wataacha kujaza zote.

Waandike visa vya kusimama peke yake. Muda wa kufanya kazi haujazwi kwa mkono. Kompyuta itauhesabu kama masalio.

Suala la saa linahitaji uangalifu wa pekee hapa kwetu, kwa sababu opereta anahesabu saa kwa Kiswahili na kompyuta haihesabu hivyo. Aliyesimamisha laini saa 7:30 mchana akiandika 7:30, kompyuta itaelewa saa moja na nusu asubuhi, na kwa kuwa muda huo nao umo ndani ya zamu ya asubuhi, hakuna ukaguzi wowote utakaoligundua kosa hilo. Usiku hali ni hiyohiyo: saa 6:30 usiku ikiandikwa 6:30 itasomwa kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ambayo nayo imo ndani ya zamu ya usiku. Tiba ya uhakika ni kutundika saa moja ya tarakimu inayohesabu hadi 24, mahali ambapo opereta anaiona akiwa amesimama kwenye mashine, na kukubaliana kwamba kinachoandikwa ni kile kinachosomeka pale. Kumtaka mtu aliyechoka abadilishe saa kichwani saa tisa za usiku ni kumtafutia makosa. Kama saa hiyo haijapatikana, basi opereta aandike saa ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na anayeingiza kwenye kompyuta ndiye abadilishe: asubuhi, mchana na jioni anaongeza 6, usiku (pamoja na saa 10 hadi 12 za alfajiri au asubuhi) anaongeza 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi anaondoa 24.

Tarehe nayo iwe ile ambayo zamu ilianza. Zamu ya usiku wa kuamkia Jumanne, inayoanza saa 23:00, ni ya Jumatatu hadi dakika yake ya mwisho, hata kwa tukio la saa 04:00. Laini ikiwa imesimama wakati wa kupokezana zamu, tukio lifungwe kwenye dakika ya mwisho ya zamu inayotoka na lifunguliwe upya kwenye dakika ya kwanza ya zamu inayoingia.

Hatua ya tatu: sababu chache zenye namba maalumu

Anza na makundi matano. Kundi la kwanza ni kusimama kulikopangwa, yaani usafi, chakula na matengenezo ya ratiba, nalo lipewe namba 1. Ubovu wa mashine upewe 10, kukwama kwa chupa au upungufu wa malighafi 100, umeme 1000, na sababu isiyojulikana 10000. Faida ya kurukaruka hivi itaonekana baadaye: matukio mawili yakiandikwa kimakosa kwenye dakika moja, jumla ya namba zake, kama vile 11 au 200, haifanani na namba ya kundi lolote, na kosa litajitokeza lenyewe kwenye chati.

Kundi la sababu isiyojulikana lisiondolewe kwa aibu. Likiondolewa, opereta atachagua sababu yoyote iliyo jirani, na chati itakuwa inamshitaki fundi wa umeme kwa jambo lisilomhusu.

Hatua ya nne: kuingiza kwenye kompyuta

Fungua faili jipya na uweke karatasi tatu ndani yake: Zamu, Kusimama na Utepe. Kwenye karatasi ya Zamu andika A, B na C katika safu ya A, na saa za kuanza katika safu ya B: 07:00, 15:00 na 23:00.

Kwenye karatasi ya Kusimama, mstari wa kwanza ni vichwa: safu A ni tarehe ya zamu, B ni zamu, C ni saa ya kusimama, D ni saa ya kuanza tena, E ni namba ya sababu, F ni mashine, na G ni maelezo. Safu H na I zitabadilisha saa kuwa dakika zinazohesabiwa tangu zamu ilipoanza. Katika H2 andika:

=ROUND(MOD(C2-VLOOKUP(B2,Zamu!$A:$B,2,FALSE),1)*1440,0)

Katika I2 andika fomula hiyohiyo lakini C2 iwe D2, na katika J2 andika =I2-H2. Kompyuta huhifadhi saa kama sehemu ya siku, ndiyo maana tunazidisha kwa 1440, ambayo ni idadi ya dakika katika siku moja. MOD ndiyo inayovusha usiku wa manane salama: tukio la saa 00:30 katika zamu iliyoanza 23:00 linatoka kama dakika ya 90, badala ya namba hasi. Katika baadhi ya kompyuta alama ya kutenganisha ndani ya fomula ni nukta mkato badala ya mkato, kutegemea mipangilio ya lugha.

Kabla ya kuendelea, kagua mambo mawili. Namba yoyote katika H au I inayozidi 480 inamaanisha saa iliandikwa nje ya zamu, na namba hasi katika J inamaanisha mwanzo na mwisho vimebadilishana nafasi. Rudi kwenye daftari usahihishe, na kama daftari halisaidii, muulize opereta siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: kuchora utepe wa zamu

Hii ndiyo chati ninayoithamini kuliko zote. Kila zamu ni mstari mmoja mwembamba, kila dakika ni seli moja, na rangi inaeleza hali ya laini katika dakika hiyo. Asili yake ni chati za ratiba alizozieneza mhandisi Mmarekani Henry Gantt mwanzoni mwa karne ya 20, ila hapa pau zinaonyesha yaliyokwisha kutokea, si yaliyopangwa.

Kwenye karatasi ya Utepe, safu A ni tarehe na B ni zamu. Katika mstari wa kwanza, kuanzia C1, andika 0, 1, 2 na kuendelea hadi 479, ambayo itaangukia safu ya RN. Katika C2 andika:

=SUMIFS(Kusimama!$E:$E,Kusimama!$A:$A,$A2,Kusimama!$B:$B,$B2,Kusimama!$H:$H,"<="&C$1,Kusimama!$I:$I,">"&C$1)

Nakili fomula hadi RN2, kisha iteremshe kwa zamu zote za wiki, ambazo ni mistari 21. Seli yenye 0 ni dakika ambayo laini ilifanya kazi, na seli nyingine zinabeba namba ya sababu. Usishawishike kupunguza safu kwa kutumia hatua za dakika tano. Kusimama kulikoanza dakika ya 211 na kuisha dakika ya 214 kutapita katikati ya 210 na 215 bila kuacha alama, na visa vifupi vya namna hiyo ndivyo tunavyovitafuta.

Sasa weka kanuni za kupaka rangi seli kulingana na thamani yake. Ninashauri 0 iwe kijivu hafifu sana, si kijani. Kufanya kazi ndiyo hali ya kawaida ya laini, na jicho lisivutwe huko. Vilevile wapo watu, hasa wanaume, ambao kijani na nyekundu kwao havitofautiani. Kusimama kulikopangwa kuwe buluu hafifu, ubovu wa mashine nyekundu iliyokoza, kukwama rangi ya chungwa, umeme nyeusi, na kisichojulikana zambarau. Thamani nyingine yoyote iwe njano kali, kwa maana ya kosa la kuandika. Mwisho, punguza upana wa safu zote hadi nukta mbili au tatu, na uzipe seli muundo wa namba ;;; ili tarakimu zifichike na rangi zibaki. Chapisha nakala moja kwa printa ya ofisi kabla ya kuridhika, kwa sababu kama printa ni ya nyeusi na nyeupe, chungwa na buluu hafifu vinaweza kufanana, na itabidi uvitenganishe kwa ukolezi.

Tuchukue zamu moja ya asubuhi. Usafi na maandalizi vilichukua 07:00 hadi 07:20, na chakula 12:00 hadi 12:30. Umeme ulisimamisha laini 08:45 hadi 09:10. Chupa zilikwama mara tatu: 10:32 hadi 10:36, 11:05 hadi 11:08, na 14:20 hadi 14:25. Mashine ya vifuniko iliharibika 13:15 hadi 13:50. Kwenye utepe, mbali na buluu hafifu ya usafi na chakula, mtu aliyesimama mita mbili kutoka ukutani anaona vipande viwili vikubwa, cheusi na chekundu, na mistari mitatu myembamba ya chungwa.

Hatua ya sita: asilimia, sasa ikiwa na maana

Katika safu ya RO hesabu dakika za kufanya kazi kwa =COUNTIF(C2:RN2,0), na katika RP dakika zilizopangwa kwa =COUNTIF(C2:RN2,1). Katika mfano wetu utapata 358 na 50. Asilimia inapatikana kwa =RO2/(480-RP2), yaani 358 kwa 430, ambayo ni asilimia 83.3.

Uchaguzi wa kigawanyo ni uamuzi wa uongozi na uandikwe chini ya chati. Ukigawanya kwa 480 nzima unapata asilimia 74.6, na ukiondoa pia dakika 25 za umeme unapata 88.4. Zamu ni ileile. Binafsi siondoi umeme, kwa sababu mteja aliyesubiri mzigo hakuupata, na kwa sababu umeme ukishaondolewa kwenye hesabu hakuna atakayeuliza tena kwa nini kompresa inachukua muda mrefu kujaa. Jambo lisilokubalika ni kubadilisha kigawanyo katikati ya mwaka ili asilimia ionekane imepanda.

Asilimia hii ni ya muda tu. Katika kipimo cha ufanisi wa mitambo kilichoenezwa na Mjapani Seiichi Nakajima, muda huzidishwa kwa kasi na kwa ubora, hivyo laini inayofanya kazi polepole au inayotoa chupa mbovu inaweza kupendeza kwenye utepe huku ikipoteza uzalishaji.

Hatua ya saba: pau za sababu, mara mbili

Mwishoni mwa wiki, jumlisha dakika za J kwa kila sababu kwa SUMIFS, hesabu pia visa kwa COUNTIFS, kisha uchore chati mbili za pau zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo: moja ya dakika, nyingine ya idadi ya visa. Upangaji huu unahusishwa na jina la mchumi Vilfredo Pareto wa Italia, na aliyeupeleka viwandani ni mtaalamu wa ubora Joseph Juran. Viwanda vingi huchora pau za dakika peke yake. Katika zamu yetu, kwa dakika, ubovu una 35, umeme 25, na kukwama 12 tu. Kwa idadi, kukwama kuna visa vitatu na vingine kimoja kimoja. Wastani wa kusimama kusikopangwa ni dakika 14.4, ingawa hakuna tukio hata moja lililokaribia dakika 14: matatu hayakuzidi 5, na mawili yalifika 25 na 35. Wastani huo usiwekwe kwenye ubao wa matangazo. Weka pau zote mbili sambamba, kila moja ikianzia sifuri.

Grafu ya duara iachwe. Vipande vyake havilinganishiki kwa jicho wiki hadi wiki.

Kusoma utepe wa wiki nzima

Mistari 21 ikishapangwa mmoja chini ya mwingine, tafuta maumbo. Alama za rangi moja zilizosimama wima, yaani dakika ileile katika zamu tofauti, zinaashiria jambo la ratiba: laini inayochelewa kuanza baada ya chakula, au mabadiliko ya chupa yanayofanyika saa ileile kila siku. Rundo la mistari myembamba ya chungwa linaloanza ghafla Jumatano na kuendelea hadi Jumamosi linaashiria kitu kilichobadilika Jumatano, kwa mfano shehena mpya ya vifuniko. Linganisha na kumbukumbu za stoo kabla ya kufungua mashine. Mistari myembamba inayokaribiana kadiri saa zinavyokwenda, kisha ikafuatiwa na kipande kirefu chekundu, ni mashine iliyokuwa inaomba matengenezo mapema. Mstari usio na alama hata moja nao uulizwe kwa upole. Inawezekana zamu ilikwenda vizuri sana, na inawezekana daftari halikujazwa. Idadi ya chupa zilizotoka itakupa jibu.

Kwa kuwa chati inategemea daftari kujazwa kwa ukweli, ibandikwe pale waandishi wa daftari wanapoweza kuiona, na jina la opereta lisiwekwe juu yake. Siku ambayo alama ya chungwa itatumika kumkata mtu mshahara, alama za chungwa zitatoweka kwenye daftari, na chupa zitaendelea kukwama. Msimamizi wa zamu asimame mbele ya chati dakika kumi asubuhi akiwa na fundi na opereta, wachague tukio moja la jana, na waandike pembeni nani anafanya nini na lini.

Baada ya miezi mitatu hivi, pitia namba za sababu. Kundi ambalo halijatumika liunganishwe na jingine, na kundi lililobeba zaidi ya nusu ya dakika zote ligawanywe, kwa mfano ubovu wa mashine ya kujaza utenganishwe na wa mashine ya vifuniko, kwa kuipa sababu mpya namba 100000. Namba za zamani zisibadilishwe maana, ili faili za nyuma ziendelee kusomeka kwa fomula zilezile.